Wimbo wa Kinuni na Wimbo wa Masikioni

Jioni, katika ua wa nyumba moja ya Uvira, wanawake wawili wanatwanga sombe katika kinu kimoja. Mmoja ainua mchi, mwenzake ashusha wake. Mmoja ashusha, mwenzake ainua. Nao wanaimba. Mmoja aanza, wa pili aitikia, na mchi huanguka penye neno lile lile kila mara. Ndani ya nyumba kijana ameketi mezani, kitabu kimefunguliwa mbele yake, maana mwezi ujao atafanya Mtihani wa Taifa, ule unaofunga masomo ya sekondari. Masikioni ametia nyuzi za simu, na muziki wa Kinshasa unamlilia humo humo kichwani.

Mama yake amwita. Hasikii. Amwita tena. Mara ya tatu mama aacha mchi, aingia nyumbani, amgusa bega.

«Mwanangu, wasoma au wacheza ngoma?»

«Nasoma, mama. Muziki hunisaidia kukaza akili.»

«Mtu hawezi kusikiliza mambo mawili. Toa hayo masikioni.»

Kijana hakukusudia ubishi, lakini neno lilimtoka: «Samahani, mama. Wewe na mama mdogo mnaimba tangu saa kumi, na kazi inaendelea. Mbona wimbo wenu ni msaada, na wangu ni kosa?»

Mama alinyamaza. Alirudi kinuni akashika mchi wake, asijibu neno.

Swali la kijana huyu si utovu wa adabu. Ni swali la haki, tena ni gumu kuliko linavyoonekana. Maana siku hizi watu wengi hufanya kazi na muziki masikioni: mshonaji na cherehani yake, dereva, karani, mwanafunzi, hata mwalimu asahihishaye madaftari usiku. Kila mmoja husema kwamba muziki humwongezea bidii na kumfungua akili. Je, wasema kweli? Na kama wasema kweli nusu, nusu ya pili ni ipi?

Jibu laanzia kinuni penyewe. Michi miwili katika kinu kimoja haina budi kupokezana. Ikikutana, hugongana, na mkono huumia. Basi wimbo wa wale wanawake si pambo lililowekwa juu ya kazi. Ni sehemu ya chombo, kama mpini ulivyo sehemu ya jembe. Wapiga kafi wa ziwa la Tanganyika na wa mto Kongo wanalijua jambo hilo: wimbo huwaambia wakati wa kutia kafi majini na wakati wa kulitoa, hata watu kumi wakawa kama mkono mmoja. Wimbo wa namna hiyo hauitoi akili kazini, maana umezaliwa na kazi yenyewe.

Mwaka 1975 James Koetting, mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, alinasa sauti za wafanyakazi wa posta ya Chuo Kikuu cha Ghana, huko Legon. Watu wale walikuwa na kazi ya kuchosha: kugonga mhuri juu ya stempu za barua, moja baada ya moja. Mhuri ulipiga wino, ukapiga barua. Mwingine akatia mlio wa mkasi. Wengine wakapiga miluzi ya wimbo wa kanisani. Mtu asikiaye sauti zile bila kuwaona adhani ni watu wa ngoma waliojiandaa. Kumbe ni barua zinazogongwa mhuri. Na haikosi kuwa wakati ulipita upesi kwao kuliko kwa karani agongaye mhuri huku akitazama saa ukutani.

Jambo hilo liliwahi kujadiliwa zamani sana, na mtu aliyelijadili ni Mwafrika. Karibu na mwaka 400, huko Kartago, walikuwako wamonaki waliokataa kazi ya mikono. Walisema: Sisi tumeitwa kusali, kuimba zaburi na kusoma; tutalimaje? Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo, aliandika kitabu kizima kuwajibu. Akawaonyesha kwamba mikono haimzuii mtu kuimba. Wapiga makasia huutuliza uchovu wao kwa wimbo. Hata mafundi mjini, asema, hushinda wakiwaza na kuimba hadithi za michezo ya kuigiza, na mikono yao haiachi kazi. Basi mmonaki naye aimbe zaburi huku akifanya kazi.

Lakini msomaji aangalie vema, maana watu hutaja nusu ya kwanza ya fundisho hilo na kuisahau ya pili. Katika kitabu kile kile Augustino anajisikitikia mwenyewe, jinsi anavyosumbuliwa na kesi za watu mchana kutwa. Atamani kuwa kama wamonaki, awe na saa zake za kazi ya mikono, na saa nyingine za kusoma na kusali. Saa nyingine, si zile zile. Kuimba alikuchanganya na kazi ya mikono bila wasiwasi. Kusoma alikutafutia nafasi ya peke yake. Hakuwa na chombo cha kupimia akili za watu. Alijua tu nafsi yake.

Katika karne ya 19 watu wa Kuba waliuona ukweli huo huo kwa njia nyingine. Mwaka 1865, katika kiwanda kimoja cha sigara mjini Havana, mtu alianza kuwasomea wafanyakazi kwa sauti huku wakikunja majani ya tumbaku. Wafanyakazi wenyewe walimlipa msomaji huyo. Desturi ikaenea: asubuhi magazeti, baadaye hadithi ndefu. Mikono iliyozoea kukunja tumbaku haihitaji maneno. Basi maneno yalipata nyumba tupu, yakaingia, yakakaa. Watu wengi wasiojua kusoma walizifahamu habari za dunia kwa masikio. Lakini fikiri, msomaji: kama wafanyakazi wale wangalikuwa makarani wa kuandika barua, je, wangaliweza kusikiliza hadithi na kuandika kwa pamoja? Barua zingalijaa maneno ya hadithi.

Hapo ndipo kazi ya kijana wa Uvira inapoachana na kazi ya mama yake. Anayesoma hufanya kazi kwa maneno. Alan Baddeley na Graham Hitch, huko Uingereza, walieleza mwaka 1974 kwamba mtu akitaka kushika maneno au tarakimu kwa kitambo kidogo, hutumia kama sauti ya ndani: huyarudia kimya kimya asije akayapoteza. Kila mama anaijua sauti hiyo. Mtoto akitumwa dukani, hurudia njiani: chumvi, sabuni, kiberiti, chumvi, sabuni, kiberiti. Rafiki yake akimsimamisha na kumweleza habari za mpira, mtoto afika dukani na chumvi peke yake.

Mwaka 1982 Baddeley na mwenzake Pierre Salamé waliwaonyesha watu tarakimu za kukumbuka kwa mpangilio wake, huku maneno yakisemwa karibu nao. Watu waliambiwa wasiyasikilize maneno hayo. Hata hivyo makosa yaliongezeka. Na hata maneno yasiyo na maana yaliwavuruga. Sikio halina kope. Jicho laweza kufumbwa, lakini neno lililosemwa huingia bila kubisha hodi, likakaa katika kiti kile kile ambamo somo lingekaa.

Kijana atajibu: Lakini mimi naupenda muziki huu, haunisumbui. Jibu hilo latolewa na watu wengi, nao hawadanganyi kwa makusudi. Nick Perham na Joanne Vizard wa Wales walilijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Waliwapa watu kazi ya kukumbuka mfululizo, mara katika kimya, mara katika muziki waupendao, mara katika muziki wauchukiao. Muziki uliopendwa uliharibu kazi sawa na uliochukiwa. Kupenda hakukuzuia hasara; kulizuia tu kuisikia. Na labda hilo ndilo jambo la kuogopwa zaidi, maana mzigo unaojulikana hutuliwa, bali mzigo usiojulikana huchukuliwa mpaka mwisho wa safari.

Je, basi furaha iletwayo na muziki ni ya uongo? Hapana, na wakali wasikimbilie kushangilia. Mwaka 2005 Teresa Lesiuk alitoa habari za watu 56 watengenezao programu za kompyuta katika makampuni manne ya Kanada. Watu hao waliachwa kusikiliza muziki waliouchagua. Kisha kwa muda wakanyimwa. Waliponyimwa, kazi yao ilipungua ubora na ikachukua saa nyingi zaidi. Muziki uliwachangamsha, na moyo mchangamfu hufanya kazi vizuri kuliko moyo ulionuna. Ukweli ni kwamba muziki huutendea moyo na akili mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja. Huuinua moyo, huichukulia akili nafasi yake. Kazi ikiwa imezoeleka na moyo ukiwa umechoka, faida yaweza kuizidi hasara. Kazi ikiwa mpya na ngumu, yenye maneno mengi, hasara huizidi faida.

Wenye viwanda nao waliligundua jambo hilo. Wakati wa vita kuu ya pili, tarehe 23 Juni 1940, redio ya BBC ya Uingereza ilianzisha kipindi cha muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, kikadumu mpaka mwaka 1967. Hawakupiga muziki mchana kutwa. Ulikuwa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, saa ambazo mtu huchoka. Nyimbo zijulikanazo, za mwendo ulio sawa. Wimbo mmoja wenye kupigiwa makofi ulikatazwa kwa kuogopa kwamba wafanyakazi wangeacha kazi wapige makofi. Hapo pana jambo la kutia wasiwasi kidogo: wimbo wa wanawake wa kinuni ni wao wenyewe, waliuanzisha na wataunyamazisha, wimbo wa kiwandani ulichaguliwa na mwingine ili mikono iende mbio. Mtu mwenye haki atauliza ni nani anayemwimbia, na kwa faida ya nani.

Labda kijana atashika njia nyingine, aseme: Sawa, kukariri kwahitaji kimya; lakini kutunga? Kuvumbua? Msanii hatakiwi kuchochewa? Ni kweli kwamba watu walifurahi sana mwaka 1993, wataalamu watatu wa Kalifornia walipotangaza kwamba wanafunzi waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifaulu zaidi katika maswali ya maumbo. Huko Georgia, Marekani, gavana alitaka kila mtoto mchanga apewe muziki wa namna hiyo kwa fedha za serikali. Walisahau mambo mawili yaliyoandikwa wazi. Faida ile haikupita robo saa hivi; tena wanafunzi walisikiliza kwanza, wakafanya kazi baadaye. Hawakusikiliza huku wakifanya. Wengine waliofuata, mwaka 2001, walionyesha kwamba siri haikuwa ya Mozart bali ya uchangamfu: muziki wa huzuni haukuleta kitu.

Kutunga kwenyewe kuna hatua mbili, na wengi huzichanganya. Hatua ya kwanza ni kutawanya mbegu: mtu aleta mawazo mengi, mazuri na mabaya, bila kuyahukumu. Hatua ya pili ni kupata neno moja lililo sawa. Mwaka 2017 Simone Ritter na Sam Ferguson waliwajaribu watu 155. Wale waliosikiliza muziki wa furaha walileta mawazo mengi na mapya kuliko wale waliokaa kimya. Lakini palipotakiwa jibu moja lililo sahihi, muziki haukuwasaidia. Mwaka 2019 wataalamu wa Uingereza na Uswidi walijaribu hatua hiyo ya pili kwa ukali zaidi. Waliwapa watu maneno matatu, watafute la nne linaloungana nayo yote. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: chama, sheria, siasa. Msomaji atafute kidogo kabla ya kuendelea. Jibu ni «mwana»: mwanachama, mwanasheria, mwanasiasa. Basi, wimbo wenye maneno yajulikanayo uliwapunguzia watu majibu. Wimbo wa lugha ya kigeni vilevile. Hata muziki wa vyombo vitupu vilevile. Lakini sauti za kawaida za maktaba, zile za watu wakifanya shughuli zao polepole, hazikuwadhuru.

Kwa hiyo mtunzi aliyekwama ana ruhusa ya kusimama, asikilize wimbo, acheze hata kama anataka. Arudipo mezani, wimbo ubaki nje.

Mpaka hapa imesemwa hasara ya mtu mwenyewe, na mtu aweza kusema: Hasara ni yangu, nitailipa mwenyewe. Mara nyingi si yake. Mwalimu asahihishaye insha usiku, redio ikiimba karibu naye, aona neno halikupendeza, atia kalamu nyekundu, aendelea. Labda mtoto aliandika jambo zuri kwa maneno mabaya. Labda ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto huyo kusema jambo lililo lake. Ilihitajiwa sikio moja tu la kulisikia, na sikio hilo lilikuwa na mgeni. Muuguzi ahesabuye matone ya dawa, karani aandikaye jina la mzaliwa katika kitabu: makosa ya hao hubebwa na wengine kwa miaka. Akili ya mtu anayehudumu si mali yake yote. Sehemu yake ni deni kwa yule anayehudumiwa, naye kwa kawaida hayupo karibu wa kulidai.

Hata wimbo wenyewe unadhulumiwa. Mtu aliyekaa miaka akijifunza gitaa hakupiga ili apigwe kisogo.

Lakini kabla ya kumhukumu kijana wa Uvira, yafaa kuuliza kwa nini alitia zile nyuzi masikioni. Ng'ambo ya njia pana baa ambayo vipaza sauti vyake huanza saa kumi na moja. Mbele kidogo watu husali kwa mikrofoni mpaka usiku. Jenereta hunguruma. Nyumbani wadogo zake hucheza. Kijana hana chumba, ana kona ya meza. Muziki wa masikioni kwake haukuwa anasa tu, ulikuwa ukuta. Alichagua kelele moja anayoipenda ili asizisikie kumi asizozichagua. Anayemwambia «Toa hayo masikioni» amemwondolea ukuta, bila kumpa nyumba.

Mtakatifu Benedikto alipoandika kanuni yake katika karne ya 6, alitia humo neno dogo ambalo watu hulipita upesi. Wakati wa pumziko la mchana, mmonaki atakaye kusoma na asome, lakini asimsumbue mwingine. Siku zile watu walikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti. Benedikto aliona kwamba kimya hakitoki mbinguni kama mvua. Hutolewa na jirani. Kila atunzaye akili yake amepewa utulivu na mwingine aliyejinyima kitu.

Jioni iliyofuata kijana aliiweka simu chini ya mto. Baa ilikuwa bado haijaanza. Lakini uani mama yake na mama yake mdogo waliimba, kwa lugha aliyoizoea tangu kunyonya, wala hapakuwa na neno hata moja la wimbo ule asilolijua. Alisoma mstari mmoja mara tatu. Hakutoka kuwaambia kitu. Mtoto amwambieje mama yake aache wimbo wa kazi? Aliziba masikio kwa mikono, akainama juu ya kitabu.

Mama alimwona dirishani hivyo. Hakusema naye. Alimnong'oneza mdogo wake, na michi ikaanza tena, bila wimbo. Mara ya kwanza ilikwenda polepole mno; kisha ikagongana, na mama mdogo akacheka, akajiziba mdomo. Wakaanza upya, kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake. Tu, tu. Tu, tu. Siku ile sombe ilichelewa kuiva.